Mzizi Unavyopapasa Udongo

Mkulima wa Ufipa, karibu na Sumbawanga, hufukia majani ndani ya matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Majani yakioza, udongo hupata rutuba na kulainika. Je, mzizi wajuaje kuwa udongo ni laini au mgumu?

Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza kuwa ncha ya mzizi ikigusa kizuizi hupinda na kukikwepa. Siku hizi tunafahamu kwamba seli zikiguswa, kalisi huongezeka ndani yake mara moja, nayo huwa ishara. Isitoshe, mzizi hutoa gesi ya ethilini. Katika udongo wenye nafasi gesi hiyo hutawanyika. Katika udongo ulioshindiliwa hubaki kando ya mzizi na kuuamuru uache kurefuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa mizizi isiyohisi ethilini huendelea kupenya hata udongo ulioshindiliwa.

Basi shamba likikanyagwa na ng'ombe lingali na maji, mizizi hubaki juujuu, na mvua zikikatika mmea hunyauka upesi. Ainuaye intumba hurutubisha udongo, na papo hapo huifungulia mizizi njia ya kuyafuata maji.