Chai ya Atemisia Haitoshi Kutibu Malaria

Kila masika wodi yetu ya watoto hujaa. Masika moja alikuja baba amembeba binti yake wa miaka minne, amelegea, viganja vyeupe kabisa. Wiki mbili nyuma mtoto alishikwa na homa. Nyumbani walichuma majani ya atemisia waliyopanda wenyewe, wakamnywesha chai yake asubuhi na jioni. Siku ya tatu homa ikatulia, mtoto akacheza. Wiki iliyofuata homa ikarudi kwa nguvu, na damu ikamwishia. Usiku ule aliongezewa damu ya baba yake mwenyewe, akapona.

Sikumlaumu baba yule. Mmea hakuukosea. Atemisia ni jamii ya pakanga, na ndimo kundi la mtafiti wa Kichina, Tu Youyou, lilimopata atemisinini mwaka 1972. Mwaka 2015 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel. Hata dawa mseto ya ALu tunayowapa zahanati asili yake ni humo. (Mimi mwenyewe ninayo miche mitatu uani.)

Taabu iko kwenye chai. Atemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, na kiasi chake hutofautiana shamba kwa shamba. Tena hutoka mwilini baada ya saa chache. Basi vijidudu hupungua, homa hushuka, nanyi mnadhani mtoto amepona, kumbe vilivyobaki vinazaana. Dozi hafifu yaweza pia kuvizoesha dawa. Ndani ya ALu imo dawa ya pili, lumefantrini, ambayo hukaa mwilini siku kadhaa ikimalizia kazi. Chai haina mwenzi huyo. Shirika la Afya Duniani, katika tamko lake la 2019, halikubali chai hiyo itumike kwa malaria.

Homa ikianza, mpelekeni mtoto akapimwe siku hiyo hiyo, maana si kila homa ni malaria. Akipewa ALu, ameze mara mbili kwa siku kwa siku 3, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ile ya kwanza. Vidonge viishe vyote, hata akiwa ameanza kucheza.

Lakini akipata degedege, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akilegea, hata maji ya chai msiyainjike. Mbebeni mje, hata kama ni usiku.