Mjenzi wa Nyumba Aliyepiga Picha za Nyota

Katika kundi la Kilimia, jicho huona nyota sita au saba tu. Kumbe zimo mamia.

Bwana Isaac Roberts, aliyezaliwa Wales mwaka 1829, kazi yake ilikuwa ujenzi wa nyumba. Hata hivyo, karibu na Liverpool alikuwa na darubini yenye kioo cha upana wa inchi 20. Kwa kuwa dunia huzunguka, mtambo wa saa uliigeuza darubini polepole ili izifuate nyota, na bamba la kioo lililopakwa dawa likakusanya nuru kwa muda mrefu. Mwaka 1886 bamba lilionyesha mawingu mepesi katika Kilimia. Mwaka 1888 likaonyesha kwamba wingu la Andromeda limejizungusha mithili ya kombe la konokono.

Roberts alidhani kwamba hilo ni jua jipya linaloumbika pamoja na sayari zake, akafariki mwaka 1904 na dhana hiyo. Katika miaka ya 1920 Edwin Hubble alithibitisha kuwa ni jamii kubwa ya nyota, iliyo mbali sana. Dhana ilikosea, picha haikukosea. Na hata leo wapendao nyota hupiga picha hizo uani kwao kwa njia ile ile: mtambo wa kuzifuata nyota, na saburi.