Mtoto Anapobaki kwa Bibi

Katika Afrika ya Mashariki, mzazi anayesafiri kwenda kutafuta kazi, masomo, biashara au matibabu kwa kawaida humpeleka mtoto wake kwa bibi au babu, na mara nyingi mpango huo hukamilika kwa mazungumzo mafupi ya simu, pasipo maandishi na pasipo kutajwa muda ambao mtoto atakaa huko. Wepesi huo unatokana na imani ya siku nyingi kwamba mjukuu ni wa bibi kama alivyo wa mama yake, imani yenye ukweli mkubwa ndani yake. Lakini wepesi huo huo huficha ukubwa wa kazi anayokabidhiwa mzee, kazi ambayo haipungui uzito kwa sababu tu inafanywa kwa mapenzi.

Ushahidi mmoja wa uzito wa kazi hiyo unatoka Tanzania kwenyewe, kandokando ya Ziwa Eyasi, ambako katika miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, waliishi na Wahadzabe, watu wanaojipatia riziki kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi ya porini. Watafiti hao waligundua kwamba wanawake waliokwisha kupita umri wa kuzaa hawakuwa wakipumzika kambini, bali walitumia muda mwingi zaidi kuliko mabinti zao katika kuchimba mizizi iliyojificha ndani ya ardhi ngumu ambayo mtoto mdogo hawezi kuipasua kwa nguvu zake. Walipowapima watoto uzito mara kwa mara, waliona kuwa mama alipokuwa na mtoto mchanga na kulazimika kupunguza kazi ya kutafuta chakula, kukua kwa mtoto wake mkubwa kulifuata bidii ya bibi. Kutokana na matokeo hayo ilizaliwa ile inayoitwa nadharia ya bibi, yaani hoja kwamba wanawake wa jamii ya binadamu huishi miaka mingi baada ya ukomo wa hedhi kwa kuwa msaada wao uliwawezesha wajukuu kuokoka na mabinti kuzaa tena mapema. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu upana wa nadharia hiyo, lakini jambo moja katika maelezo yake halipaswi kusahauliwa, nalo ni kwamba bibi wa Kihadzabe alimsaidia mama aliyekuwapo pale pale kambini, ilhali bibi wa leo mara nyingi huachiwa nafasi nzima ya mama aliyeko mbali.

Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtoto, na uelewa wa jambo hili nao una mizizi yake katika eneo letu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala akikusudia kuchunguza desturi ya zamani ya Waganda ya kumtenga mtoto na mama yake wakati wa kuachishwa ziwa na kumpeleka kwa bibi kwa siku kadhaa. Alipokuta kwamba familia alizozitembelea zilikuwa zimekwisha kuiacha kwa kiasi kikubwa desturi hiyo, aligeukia swali jingine, akafuatilia watoto wachanga 28 majumbani mwao ili kuona jinsi wanavyojenga mshikamano wa kihisia, yaani kile kifungo kinachomfanya mtoto amtafute mtu fulani anapoogopa, atulie akiwa karibu naye na kuthubutu kucheza mbali kidogo kwa kuwa anajua atamkuta akirudi. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1967 kilionyesha kwamba mtoto anaweza kushikamana na zaidi ya mtu mmoja nyumbani, na hapo ndipo ilipo nguvu ya malezi ya bibi: mtoto aliyekwisha kumzoea bibi kabla ya safari hana budi kumkosa mama, lakini haachwi bila mtu wa kumkimbilia.

Kwa sababu hiyo, namna ya kuondoka ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Wazazi wengi huondoka mtoto akiwa usingizini, au humdanganya kwamba wanakwenda dukani, wakiamini kuwa wanamwepusha na kilio. Mtafiti James Robertson, aliyefanya kazi na mwanasaikolojia John Bowlby huko London katika miaka ya 1940 na 1950, aliwachunguza watoto wadogo waliotenganishwa na wazazi wao hospitalini na kueleza kuwa kwanza hulia na kupinga, kisha hukata tamaa, na hatimaye huonekana wametulia huku wakiwa wamejitenga na mzazi. Mzazi aliyetoroka humwachia bibi kilio kile kile alichokikwepa yeye, kikiwa kimeongezwa shaka, kwa kuwa mtoto anaanza kuogopa kwamba na bibi naye anaweza kutoweka. Ni bora zaidi mama au baba akae na mtoto kwa bibi siku kadhaa, amuage waziwazi akiwa macho, na amwambie jambo analoweza kulielewa kuhusu kurudi kwake. Kwa mtoto anayenyonya kuna suala jingine, kwani Shirika la Afya Duniani hushauri maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza na kuendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, hivyo safari inayoweza kusubiri ni vyema isubiri.

Malezi haya yana ugumu mwingine usiozungumzwa sana. Katika jamii nyingi za Kibantu, uhusiano wa babu, bibi na wajukuu ni wa utani: babu humwita mjukuu wa kike mke wake, bibi humtania mjukuu wa kiume kuwa ni mumewe, na kwa njia hiyo mtoto hupata mahali pa kuuliza mambo asiyothubutu kumuuliza baba. Utani huo unastawi kwa sababu ukali umekaa kwa wazazi. Wazazi wanapoondoka, bibi hulazimika kuwa mtani na pia mkali, akague madaftari, akataze na kuadhibu, na wakati huo huo husikia lawama kutoka mbali kwamba anamdekeza mtoto au kwamba anamwonea. Lawama hizo si za haki, na anayestahili kuamua kanuni za kila siku ni yule anayeamka na mtoto.

Kwa upande wa sheria, safari haimwondolei mzazi wajibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18, na inampa mzazi wajibu wa chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Bibi asiye na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki, kadi ya bima kama ipo, wala barua ya idhini iliyosainiwa na wazazi na kushuhudiwa na serikali ya mtaa au kijiji, anaweza kusumbuka shuleni, na zaidi sana hospitalini pale daktari anapohitaji ridhaa ya upasuaji.

Kuhusu fedha, huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, imeondoa kisingizio cha umbali. Pensheni ya wazee wote wenye miaka 70 na zaidi ilianza Zanzibar mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na nchini Kenya wazee wa umri huo hupata shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii. Viwango hivyo vilikusudiwa kumsitiri mzee mmoja, wala si kulisha na kusomesha watoto. Posho ya mtoto inapaswa kupangwa kabla ya safari na kutengwa na zawadi ya bibi mwenyewe, ambaye naye ana dawa za kununua na magoti yanayouma.

Siku ya kurudi nayo huhitaji maandalizi. Mtoto aliyelelewa na bibi kwa miaka miwili au mitatu huweza kumwita bibi mama, kumkwepa mzazi na kukataa kulala naye, na mzazi aliyeumizwa na jambo hilo huharakisha kumchukua. Kwa mtoto, huko ni kutengana kwa mara ya pili, safari hii na mtu aliyekuwa nguzo yake, na kwa bibi ni nyumba kuwa kimya ghafla bila yeyote kumuuliza. Familia zinazofanya vizuri humpa mtoto majuma kadhaa ya kuwa na wote wawili, humwacha bibi amkabidhi mjukuu kwa mkono wake, na humrudisha kwake kila shule zinapofungwa.