Bumu linaishia wapi? Jinsi mwanafunzi anavyokula, anavyokunywa na anavyotoka usiku Dar es Salaam

Kila vyuo vinapofunguliwa mwishoni mwa mwaka, mabasi ya mikoani yanashusha vijana wetu Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Wanashuka na begi, ndoo na gunia alilofunga mama. Wiki chache baadaye simu inaita kijijini: "Mama, naomba unitumie hata elfu kumi, hali si nzuri."

Wasikilizaji wengi mmetuuliza swali hilo hilo kwa maneno tofauti. Kijana amepata mkopo wa serikali, tena tunasikia anapewa elfu kumi kwa siku, sasa hela inakwenda wapi? Wengine mmekuwa wakali zaidi: mnadhani yote inaishia baa. Leo tunalieleza jambo hili hatua kwa hatua, ili mzazi ajue ampigie nani kelele na kwa lipi, na kijana anayejiandaa kwenda chuo ajue anachokwenda kukutana nacho.

Bumu ni nini hasa?

"Bumu" ni jina la mitaani la fedha za kujikimu zinazotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi mwaka 2005. Fedha za kujikimu zilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, zikapandishwa hadi 10,000.

Kuna mambo matatu ambayo wazazi wengi hawaambiwi.

La kwanza, hiyo elfu kumi ni ya chakula pamoja na malazi. Si ya kula peke yake.

La pili, haitolewi kila siku. Inaingia kwa mafungu, fedha za wiki nyingi kwa mpigo, na fungu la kwanza linaweza kumkuta kijana ameshakaa chuoni siku kadhaa akisubiri usajili na kusaini. Siku hizo anaishi kwa nauli iliyobaki na mkopo wa rafiki.

La tatu, ni deni. Akishaajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka limalizike. Kila sahani ya chipsi anayokula leo atailipa akiwa na watoto wake.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa kijana aliyekosa nafasi ya hosteli na kupanga mtaani, tuseme Changanyikoni, Msewe au Sinza. Bumu la siku 60 limeingia: shilingi 600,000. Kwa mtu aliyezoea kuona hela kama hiyo wakati wa mavuno tu, huo ni utajiri.

Sasa amechangia chumba na mwenzake, kila mmoja 40,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba wa Dar es Salaam hapokei kodi ya mwezi mmoja. Anataka ya miezi mitatu au sita mbele. Ya miezi sita ni 240,000, inatoka siku ile ile. Zimebaki 360,000. Gawanya kwa siku 60, unapata 6,000 kwa siku.

Asubuhi ale chai na chapati mbili, tuseme 1,200. Mchana wali maharage kwa mama ntilie, 2,000. Usiku chipsi mayai, 3,000. Jumla 6,200. Ameshapitiliza, na hajapanda daladala, hajanunua bando, hajatoa kopi ya kitabu, hajanunua sabuni. Bei hizi ni za mfano, zinapanda na kushuka kwa mtaa na kwa msimu, lakini sura ya hesabu haibadiliki sana.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kuuliza "umezipeleka wapi", jua kwamba hata kijana asiyegusa pombe anaweza kukwama kwa hesabu hii.

Kula: nani anauza nini

Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna migahawa ya ndani ya chuo. Faida yake ni ukaribu. Vipindi vikibanana, kijana anakula na kurudi darasani bila nauli. Nje ya geti kuna mama ntilie, na huko ndiko wengi wanakojaza tumbo.

Kwa mama ntilie bei inapangwa na mboga. Wali au ugali ni ule ule, lakini ukisema maharage unalipa kiasi kimoja, ukisema nyama kingine, ukisema kuku inaweza kuwa karibu mara mbili. Mwanafunzi mzoefu anakula maharage, dagaa au makande siku za kawaida, na nyama anaipangia siku yake. Anajua pia kuzoeana na mama mmoja. Mteja wa kila siku anaongezewa mchuzi na kipande cha tikiti bila kuomba.

Uzoefu huo una upande wa pili, nao ni daftari. Mama ntilie wengi huwakopesha wanafunzi na kuandika kwenye daftari hadi bumu litoke. Daftari limeokoa wengi wasilale njaa. Lakini anayekula kwa daftari hahesabu, na bumu likitoka nusu inakwenda kulipa chakula kilichokwisha kuliwa. Tena mama huyo naye ana watoto na mtaji wake ni mdogo. Kijana akihama mtaa bila kulipa, amemfungia mtu biashara.

Chipsi nazo tuziseme. Vijana wanazipenda kwa sababu ziko kila kona na ziko tayari hadi usiku. Lakini viazi vinatoka mbali, Njombe na Mbeya, na juu yake kuna mafuta na mkaa. Sahani moja ya chipsi mayai inaweza kuwa na bei ya wali maharage na chai ya asubuhi pamoja, na baada ya saa tatu tumbo linauliza tena.

Geto na sufuria moja

Wanaofika mwisho wa muhula bila kupiga simu nyumbani, mara nyingi ni wale wanaopika kwa kuchanga. Hosteli nyingi haziruhusu kupika vyumbani kwa sababu ya hatari ya moto na umeme, kwa hiyo hili ni la waliopanga mtaani, kwenye yale wanayoyaita mageto.

Angalia mfano. Vijana wanne wanapika ugali maharage: unga kilo moja 1,500, maharage nusu kilo 1,500, nyanya, kitunguu na mafuta 1,000, gesi au mkaa 800. Jumla 4,800, kila mmoja 1,200. Wangekula nje kwa 2,500, kila mmoja angetoa 1,300 zaidi. Kwa usiku 60 hiyo ni 78,000 kwa kichwa.

Manunuzi ya pamoja hufanywa sokoni, si kwenye genge la jirani. Tandale inajulikana kwa nafaka. Mabibo kuna soko la ndizi. Ilala kuna mboga na matunda. Samaki wanapatikana Feri, asubuhi, na anayenunua fungu la kugawana anapata nafuu kuliko anayenunua mmoja mmoja. Mmoja aende kwa niaba ya wote, ili nauli iwe ya mtu mmoja.

Kinachovunja mageto mengi ni zamu: nani anapika, nani anaosha vyombo, nani amekula mboga ya kesho. Waandike zamu ukutani siku ya kwanza, na michango itolewe bumu linapoingia, kabla halijayeyuka.

Kunywa: kuanzia maji

Dar es Salaam ni joto, na anayetoka Makete au Mbulu anashangaa anavyokunywa maji. Akinunua chupa ndogo tatu kwa siku, mwisho wa mwezi amekunywa hela ya mchele. Nafuu ni kuchemsha, au kuchangia dumu kubwa la kujaziwa. Msimu wa mvua asipuuzie kuchemsha, na awe mwangalifu na kachumbari na juisi zilizoachwa wazi. Jiji limewahi kupata kipindupindu zaidi ya mara moja.

Jioni, kinywaji cha bei ndogo kuliko vyote ni kahawa chungu ya kijiweni, na kashata pembeni. Kwa vikombe viwili mtu anakaa saa nzima anasikiliza habari za siasa, za Simba na za Yanga. Juisi ya miwa nayo iko barabarani.

Bia je? Sheria inamruhusu mwenye miaka 18, na wanafunzi wengi wana umri huo. Wapo wanaokunywa, wapo wasiokunywa kabisa. Kinachomaliza hela zaidi ya chupa yenyewe ni kuzungusha. Mmoja ananunulia meza nzima, heshima inamtaka wa pili naye anunue, na aliyekuja na hela ya bia moja anaondoka amelipia sita. Anayetaka kubaki salama aseme mapema, "Leo najilipia mwenyewe." Watamtania, halafu watasahau.

Pombe kali za viroba zilipigwa marufuku tangu Machi 2017. Gongo ni haramu siku zote, na si sheria tu inayokataza. Pombe isiyojulikana imetengenezwaje inaweza kuwa na sumu inayopofusha au kuua. Hapo hakuna cha bei nafuu.

Usiku wa mjini

Mzazi akisikia "nilitoka" anawaza mabaya. Mara nyingi kutoka kwa mwanafunzi ni kutazama mpira. Banda la video lina kiingilio kidogo. Baa yenye skrini kubwa haina kiingilio, ila inatarajia ununue kitu, na soda moja inaweza kumfikisha mtu mapumziko. Jumapili wengi wanakwenda Coco Beach, ambako bahari ni bure na mihogo ya kukaanga yenye pilipili ni ya kugawana. Vyuoni kwenyewe kuna midahalo, michezo ya jukwaani, kwaya na sherehe za fani ambazo hazidai hela kubwa, au hazidai kabisa.

Ghali ni ule usiku wa Sinza au Mwenge wenye muziki wa bendi, singeli au DJ. Tuhesabu: kiingilio 5,000, chakula 5,000, vinywaji viwili 5,000, bodaboda ya kurudi 4,000. Jumla 19,000. Kwa yule wa 6,000 kwa siku, amekula siku tatu na kidogo kwa usiku mmoja.

Nauli ya kurudi ndiyo vijana wanayoisahau. Kwenda wanapanda daladala. Usiku mkubwa daladala zimepungua na bodaboda anataja bei anayotaka. Asiye nayo anatembea gizani na simu mkononi, au anapanda gari la mtu asiyemjua. Kwa hiyo nauli ya kurudi itengwe kwanza, iwekwe mfuko mwingine, ndipo mtu aanze kuhesabu ya kutumia.

Kwa mabinti tunasema wazi: waende kundi na warudi kundi, asiache glasi mezani akaenda kucheza. Na yule anayelipia kila kitu bila kuombwa, mara nyingine ana hesabu yake moyoni. Binti mwenye nauli yake mfukoni ana uwezo wa kusema "kwa heri" saa yoyote. Wavulana nao wafundishwe kwamba soda si malipo ya mtu.

Mitego miwili ya simu

Wa kwanza ni mkeka. Kijana aliyebakiwa na elfu tano na wiki mbili mbele anaambiwa ataigeuza laki. Anaweka, inaliwa, anaweka tena kuirudisha.

Wa pili ni mikopo ya haraka ya kwenye programu za simu. Mingine inachukua majina ya watu wote walio kwenye simu ya mkopaji, kisha inawatumia ujumbe wa kumdhalilisha akichelewa. Mzazi aliyeko shambani anapokea ujumbe wa matusi kuhusu mwanawe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za aina hiyo zisizo na leseni. Ukipata ujumbe huo usilipe kwa hofu. Mpigie kijana wako kwanza.

Mzazi ufanye nini

Tuma chakula kuliko hela, pale inapowezekana. Mlo mmoja wa ugali unatumia kama gramu 200 za unga kwa mtu, hivyo kilo 20 ni kama milo 100. Tuma sembe kuliko dona kama unga utakaa muda mrefu, maana dona ina kiini chenye mafuta na huchacha upesi kwenye joto la pwani. Maharage yakauke sawasawa kabla ya kufungwa. Karanga, dagaa wakavu na mchele vinasafiri vizuri. Andika jina na namba ya simu kwenye gunia, na kubaliana na kondakta gharama yote huku huku, ili kijana asidaiwe tena Mbezi.

Kama unatuma hela, tuma kidogo kidogo kwa siku mliyokubaliana. Bumu likiingia, mwombe aondoe kodi, unga na nauli siku hiyo hiyo.

Na akipiga simu, anza na "Umekula?" Kijana anayeogopa kufokewa hupiga simu wakati deni limeshakuwa kubwa. Akikwama kabisa, vyuo vina ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Aende huko mapema, kabla njaa haijamtoa darasani.

Vijana mlioko vyuoni, tuandikieni jinsi mnavyopika na mnavyogawana huko mageto. Tutayasoma hewani ili wanaokuja mwaka huu wafike wakijua.