Wanyama wa Mwitu wa Kisiwa cha Ayalandi

Wasikilizaji, jioni hii nataka tusafiri pamoja mpaka kisiwa kilichoko magharibi ya Uingereza, kiitwacho Ayalandi. Ukubwa wake wapata maili za mraba 32,000 na zaidi kidogo. Ni nchi ya mvua nyingi na majani mabichi, nchi ya ng'ombe na kondoo, na malisho yake yamegawanywa kwa nyua za miti na kuta za mawe. Humo hamna simba, wala chui, wala fisi. Hata nyoka hawapo. Lakini mtu asidhani kwamba nchi hiyo haina wanyama wa mwitu. Wapo, ila wengi wao hutoka usiku, na mgeni aweza kukaa mwaka mzima asiwaone.

Kwanza yafaa tujue kwa nini wanyama wa kisiwa hiki ni wachache. Zamani sana, yapata miaka 20,000 iliyopita, sehemu kubwa ya nchi ilifunikwa na barafu nene. Barafu ile ilipoyeyuka, maji ya bahari yaliinuka, na nchi ikatengwa na bara. Wanyama waliokuwa wakirudi polepole kutoka kusini, wakifuata joto, wengi walikuta njia imekwisha kufungwa. Wenyeji husimulia kwamba Mtakatifu Patrick ndiye aliyewafukuza nyoka akawatosa baharini. Ni hadithi ipendwayo sana, lakini wataalamu husema kwamba nyoka hawakupata nafasi ya kufika huko baada ya barafu. Katika jamii yote ya nyoka na mijusi, mwenyeji wa asili katika nchi kavu ni mjusi mmoja mdogo tu, naye kwa sababu ya baridi hatagi mayai mchangani, bali huzaa watoto walio hai.

Basi jambo hili tulishike vema, maana ndilo shina la mazungumzo yetu: kisiwa ni kama nyumba ambayo mlango wake umefungwa. Mnyama akimalizika humo, hawezi kurudi kwa miguu yake.

Sasa tuwatazame baadhi yao. Adui mkubwa wa wanyama wale ni majira ya baridi. Mwezi wa Desemba, katika mji wa Dublin, mchana hauzidi saa nane; wadudu huadimika, na miti mingi husimama bila majani. Kila mnyama ana akili yake ya kuupita wakati huo.

Kalunguyeye, yule mnyama mdogo mwenye miiba mifupi mgongoni, huupita kwa kulala. Tangu mwisho wa kiangazi hula kwa bidii mende, minyoo na konokono, mpaka anenepe. Kisha hukusanya majani makavu chini ya kichaka, akajifunika humo, akalala miezi kadha wa kadha. Mwili wake hupoa, na moyo wake, ambao kwa kawaida hupiga mara 190 hivi kwa dakika, hushuka mpaka mara 20 hivi. Hivyo mafuta yake humtosha mpaka joto lirudi. Lakini asiyenenepa vya kutosha haamki tena.

Mnyama wa pili wenyeji humwita broc. Huyu ni wa jamii moja na nyegere. Kichwa chake ni cheupe chenye mistari miwili myeusi ipitayo machoni. Yeye halali majira yote ya baridi, ila hupunguza kutoka. Huchimba nyumba kubwa chini ya ardhi, yenye vyumba na milango mingi, na nyumba moja huweza kurithiwa na vizazi vingi. Ni mnyama msafi: hubadili malalo yake, akivuta majani makavu kwa mikono na kidevu huku akirudi kinyumenyume shimoni, na choo chake hukichimba nje. Chakula chake kikubwa ni minyoo ya ardhi.

Hata hivyo, mnyama huyu ameleta shauri gumu kati ya wafugaji na walinzi wa wanyama, kwa kuwa yeye hupata kifua kikuu cha ng'ombe, na aweza kuwaambukiza ng'ombe. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake hawezi kulaumiwa akilia. Kwa miaka mingi serikali ilitega na kuua wengi. Tangu mwaka 1976 kumekuwa na sheria ya kuwalinda wanyama wa mwitu, na tangu mwaka 2018 chanjo imetiwa katika kazi hiyo: mnyama hunaswa katika kizimba, hudungwa sindano, kisha huachiliwa aende zake.

Sungura wa Ayalandi hachimbi shimo. Hukaa juu ya ardhi katika kishimo kidogo cha majani kilicho sawasawa na mwili wake, akitegemea macho, masikio na mbio. Kwa sababu hiyo watoto wake huzaliwa na manyoya yao, na macho yao yamefumbuka. Tofauti na wale sungura wadogo wa mashimoni walioletwa na watu kutoka ng'ambo, ambao huzaa watoto uchi na vipofu. Watu humpenda sana sungura huyu, hata mwaka 1928 picha yake ilitiwa katika sarafu ya peni tatu.

Mitoni na maziwani yumo fisi maji, mwindaji wa samaki. Katika pwani ya magharibi huvua hata baharini, lakini hana budi kukaa karibu na maji matamu, kwani chumvi ikigandamana katika manyoya yake, manyoya hayazuii tena baridi. Kwa hiyo baada ya kuvua huenda kuoga katika kijito.

Hao ndio waliobaki. Sasa nitawaambia habari za mmoja aliyetoweka. Zamani Ayalandi ilikuwa na mbwa mwitu wengi, na katika lugha ya nchi jina lake maana yake ni "mwana wa nchi". Katika karne ya 17 watu walikata misitu mingi, na mwaka 1653 serikali ilitangaza zawadi: paundi sita kwa kila jike, na paundi tano kwa kila dume. Wawindaji walikuja kutoka mbali. Husemwa kwamba wa mwisho aliuawa mwaka 1786, katika wilaya ya Carlow, kwa kuwa alikula kondoo. Hapana shaka wachungaji walifurahi. Lakini kulungu wa nchi ile hawakuwa tena na mwindaji ila binadamu. Na leo, mahali pengi, kulungu hula miche ya miti hata msitu usiweze kuota upya, na watu hulazimika kuwapunguza kwa bunduki. Kazi iliyofanywa bure na mbwa mwitu sasa inafanywa kwa gharama.

Mnyama wa mwisho nitakayemtaja alikaribia kufuata njia hiyo hiyo. Wenyeji humwita "paka wa miti", ingawa si paka. Ukubwa wake ni kama wa paka mdogo. Manyoya yake ni kahawia, na kooni ana doa la rangi ya maziwa mabivu. Hupanda miti kwa wepesi, hulala katika pango la mti, hula panya, ndege, wadudu na matunda. Kwa kuwa huiba kuku, na kwa kuwa ngozi yake ilikuwa na bei, watu walimtega na kumwekea sumu. Misitu nayo ilikatwa, hata mwanzoni mwa karne ya 20 ikabaki kiasi cha sehemu moja tu katika mia ya nchi yote. Paka wa miti wakabaki wachache, hasa upande wa magharibi.

Wakati huo huo, mwaka 1911, kindi wa kijivu wenye asili ya Amerika waliletwa kutoka Uingereza, wakaachiliwa katika shamba la Castle Forbes, wilaya ya Longford. Kwa macho walikuwa pambo. Lakini kindi wa kijivu ni mzito kuliko kindi mwekundu aliyekuwako. Aweza kula kokwa ambazo hazijaiva bado, hivyo humtangulia mwenzake chakulani. Hubeba ugonjwa ambao yeye haumdhuru, lakini humwua mwekundu. Tena huchubua magome ya miti michanga. Walienea wilaya baada ya wilaya, na kindi wekundu wakatoweka nyuma yao.

Mwaka 1976 Jamhuri ya Ayalandi ilitunga sheria ya kulinda wanyama wa mwitu, na paka wa miti akawa miongoni mwao. Misitu pia ilikuwa imepandwa upya. Polepole paka wa miti wakatoka magharibi wakaingia katikati ya nchi. Ndipo watu walipoona jambo wasilolitazamia: kila walipoongezeka paka wa miti, kindi wa kijivu walipungua, na kindi wekundu wakarudi. Wataalamu walichunguza, na habari zao zilizotolewa mwaka 2014 zilithibitisha jambo hilo.

Mtaniuliza: je, paka wa miti hawali kindi wekundu? Huwala, lakini mara chache. Kindi mwekundu ni mwepesi, aweza kukimbilia katika matawi membamba. Tena jamii yake imeishi pamoja na adui huyu katika misitu ya Ulaya tangu kale, hata akiisikia harufu yake hujihadhari. Kindi wa kijivu ni mzito, hushinda chini mara nyingi zaidi, na harufu ile haimwambii neno. Lakini katika bustani za mijini, ambako paka wa miti hapendi kukaa, kindi wa kijivu wamebaki.

Basi mnyama aliyeitwa mwizi wa kuku ndiye aliyefanya kazi ambayo mitego na bunduki hazikuweza kuimaliza. Hatusemi kwamba kuku hawaibiwi tena. Mwenye kuku sharti ajenge banda imara na kulifunga usiku. Lakini banda hujengwa kwa siku moja, na mnyama aliyemalizika kisiwani harudi kwa miaka elfu. Wazee walisema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.