Kiwanja Kimoja, Wanunuzi Wawili

Unapounda mashine pepe kwenye Proxmox, kuna ukurasa unaokuuliza diski ikae kwenye hifadhi ipi na iwe na ukubwa gani. Wengi wetu tunahangaika na ukubwa, hilo la kwanza tukaliacha kama tulivyolikuta. Hapo ndipo mambo huharibikia.

Proxmox ikisakinishwa kwa mipangilio yake ya kawaida hukupa hifadhi mbili. Ya kwanza, local, huweka faili za ISO na nakala rudufu. Ya pili, local-lvm, ndimo zinamokaa diski za mashine, nayo hufanya kazi kwa ahadi. Ukiandika gigabaiti 100, haikati gigabaiti 100 hapo hapo; humega nafasi kidogo kidogo kadiri data inavyoandikwa. Kwa hiyo kwenye nafasi ya gigabaiti 500 unaweza kuunda mashine kumi za gigabaiti 100 kila moja, na zote zikawaka vizuri tu. Ni kiwanja kimoja kilichouzwa mara mbili: amani ipo mpaka wanunuzi wote walete matofali.

Siku hifadhi ikijaa, mashine hushindwa kuandika na mafaili yake yanaweza kuharibika, hali yenyewe ikihesabu kwamba bado ina nafasi tele. Wala kufuta mafaili ndani ya mashine hakurudishi kitu, isipokuwa uliwasha chaguo la Discard na mfumo wa ndani ukaendesha TRIM. Amri ya lvs huonyesha asilimia iliyokwisha kujaa. Mimi nikiona 80, naanza kutafuta diski nyingine.

Kasi nayo ina hesabu yake. Sahani ya diski ngumu inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, na kichwa cha kusomea bado kina safari yake. Ndiyo maana diski hiyo huhudumia maombi yaliyotawanyika yapatayo 100 tu kwa sekunde. Picha za kamera za ulinzi zitakaa humo bila shida. Hifadhidata ya duka, ipeleke kwenye SSD.

Hifadhi ya mtandaoni, kama NFS, ina raha yake: mashine huhamia seva nyingine bila diski kunakiliwa. Lakini kebo ya gigabiti 1 haipitishi zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde, tena zikigawanywa kwa mashine zote, wakati SSD ya SATA peke yake hufika 550 hivi. Mwenye seva moja hana haja nayo.

Kuhusu ukubwa wenyewe, anza na kidogo. Kuongeza diski ni kubofya tu. Kuipunguza, Proxmox haina kitufe. Yenyewe hupendekeza gigabaiti 32, na kwa seva ndogo ya Linux huwa naiacha hivyo hivyo.