Kivuli cha Nje na Kivuli cha Ndani: Jinsi ya Kulikinga Gari na Jua

Mtu aliyepata kuliacha gari juani mjini Ifakara kwa muda wa saa moja anajua kwamba akirudi huukuta usukani haushikiki. Madereva wana njia mbili za kujikinga. Wapo wanaotundika kitambaa ndani, nyuma ya kioo cha mbele, na wapo wanaotandaza mkeka au turubai juu ya kioo hicho kwa nje. Kwa mtazamo wa haraka njia hizo ni sawa, maana zote mbili huleta kivuli. Fizikia yatufundisha kwamba si sawa hata kidogo.

Jambo hili si la starehe tu. Ifakara ni kituo cha utafiti wa magonjwa tangu miaka ya 1950, wakati Rudolf Geigy wa Uswisi alipoanzisha maabara hapo, na magari yapelekayo dawa na vifaa vijijini hupita bondeni kila siku. Dawa mseto ya malaria haitakiwi kuhifadhiwa penye joto linalozidi nyuzi 30 za sentigredi, na chanjo nyingi huhitaji nyuzi 2 hadi 8. Kabla ya daraja la mto Kilombero kufunguliwa mwaka 2018, magari yalingoja kivuko. Siku hizi husimama mbele ya zahanati, sokoni au shambani. Popote yasimamapo, jua ni lile lile.

Ifakara iko karibu na nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Anga ikiwa nyeupe, kila mita moja ya mraba inayolielekea jua hupokea nishati ya wati 1,000 hivi. Tuchukue mfano wa kioo cha mita moja ya mraba ambacho, kwa sababu ya mwinamo wake, kinapokea wati 700. Ikiwa robo tatu zinapenya, wati zaidi ya 500 huingia garini. Ni kana kwamba tumewasha taa nane au tisa za wati 60 ndani ya chumba kidogo kilichofungwa.

Nishati hiyo huingiaje, na kwa nini haitoki? Mwanga wa jua ni mnururisho wa mawimbi mafupi, nao hupenya kioo kwa urahisi. Ukigonga viti na usukani hugeuka kuwa joto. Vitu hivyo navyo hunururisha, lakini kwa mawimbi marefu yasiyopenya kioo. Zaidi ya hayo, hewa iliyopata joto haina njia ya kupanda na kwenda zake. Mwaka 1909 mwanafizikia wa Marekani, Robert W. Wood, alionyesha kwa majaribio kwamba sababu hii ya pili, yaani kuzuiwa kwa hewa, ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi.

Sasa tulinganishe vivuli vyetu. Kitambaa cha ndani hupokea mwanga ambao umekwisha kupita kioo. Kikiwa cheupe au king'aavyo, hurudisha sehemu ya mwanga huo nje. Sehemu iliyobaki hukipasha joto kitambaa chenyewe, nacho hulitoa joto hilo mumo humo garini. Mgeni amezuiwa akiwa tayari yu sebuleni. Kifuniko cha nje humzuia mlangoni. Mwanga haufiki kwenye kioo, na joto la kifuniko huchukuliwa na upepo. Kikiwa na unene wenye hewa ndani yake, kama blanketi au tabaka la sufi, huwa kihami pia, kwa kuwa hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida.

Katika Ulaya, wasafiri wanaolala katika magari yaliyojengwa kama nyumba hufunga vifuniko vya namna hiyo nje ya kioo wakati wa baridi. Pazia la ndani hukiacha kioo kikiwa baridi, na mvuke wa pumzi za waliolala hugeuka maji juu yake. Kifuniko cha nje hukifanya kioo kibaki na joto la chumba, na maji hupungua. Nasi Kilombero, katika usiku wenye umande, kifuniko hicho hicho hukikinga kioo kisipoteze joto lake kuelekea angani, na asubuhi dereva hukikuta kikavu.

Wazee wetu waliijua kanuni hii katika ujenzi. Paa la nyasi linalochomoza na kuitia baraza kivuli huuzuia mwanga kabla haujaufikia ukuta.

Hata hivyo, tusidanganyike. Joto huingia pia kwa bati la paa na vioo vya pembeni. Kifuniko si badala ya kasha la baridi la chanjo, wala hakihalalishi kumwacha mtoto garini. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba joto la ndani ya gari lililosimama juani hupanda kwa nyuzi 22 hivi katika saa moja, sehemu kubwa ikiwa katika nusu saa ya kwanza, na kwamba kufungua vioo kidogo hakusaidii sana.

Jaribio kwa wanafunzi: tengenezeni makasha matatu yaliyo sawa, yapakwe rangi nyeusi ndani na kufunikwa kwa kioo. La kwanza liachwe wazi. La pili liwekewe kitambaa cheupe chini ya kioo. La tatu kitambaa cha aina ile ile juu ya kioo, kikiinuliwa kidogo ili hewa ipite. Tumieni vipimajoto vinavyofika nyuzi 100, visipasuke, navyo vikingwe visipigwe na jua moja kwa moja. Someni kila baada ya dakika 5 kwa nusu saa, kisha choreni grafu. Rudieni kwa kitambaa cheusi. Je, tofauti kati ya kasha la pili na la tatu imeongezeka au imepungua, na kwa nini?